Mashamba Niliyogawa Mwezini

Hadithi yangu ya kwanza ndefu ilikaribia kunirudisha Uganda.

Nilikuwa nimevuka mpaka na madaftari mawili ya mashairi, bila kitambulisho, nikapata kazi ya kukata miwa huku Kakamega. Tukingoja trekta ije kubeba, niliwasomea wenzangu: watu wanahamia mwezini, kila mmoja anagawiwa shamba lenye namba.

"Mimi niandikie karibu na maji!"

"Mimi mbali na mama mkwe!"

Nikawaandika kweli, jina na namba, maana hadithi ilitaka watu. Mjane mmoja, aliyefukuzwa na shemeji zake kwenye shamba la marehemu mumewe, alikuja mara mbili kuhakikisha yuko. Namba kumi na nne.

Liguru, yaani mzee wa kijiji, akasikia kuna mgeni anagawa mashamba. Na miaka hiyo watu walikuwa wanachomeana nyumba kwa sababu ya ardhi. Siku ya baraza nikasimamishwa mbele ya chifu, daftari langu likiwa mkononi mwake.

"Wewe mtu wa Uganda, unagawanga mashamba ya nani?"

"Ya mwezini, chifu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake landrova ya polisi ilikuwa inanguruma; ukipakiwa humo, unashushwa mpakani.

"Hapa kuna majina ya watu wangu. Waambie wenyewe: shamba liko ama haliko?"

Mjane alikuwa amesimama pembeni, leso imekazwa kiunoni, ananitazama mimi tu. Nikaitazama landrova.

"Haliko. Ni uongo wangu."

"Sema kwa sauti!"

"Ni uongo mtupu!"

Chifu akachana ukurasa wa majina, akanitupia daftari. "Andika uongo wako, lakini usiwekenga watu wangu ndani."

Landrova ikaondoka bila mimi. Nilipaswa kuruka kwa furaha, lakini nilimkimbilia mjane njiani.

"Mama, nisamehe. Wangenirudisha."

"Nilijua ni hadithi, mwanangu. Mimi si mtoto." Hakusimama. "Lakini huko mwezini kwako hakuna mtu alikuwa ananifukuza. Leo umenifukuza wewe."

Nilirudi kwa wenzangu. Waliniomba niwasomee kipande kinachofuata, nikawaambia koo linauma.