Friza la Mama Mkwe Lilipopandishwa Mbinga

Mama mkwe wangu alipokubali kuhama Mbamba Bay na kuja kukaa nasi Mbinga, alitoa sharti moja tu: friza lake lije naye. Mke wangu alijaribu kumweleza kwamba huku kwetu milimani halitakuwa na kazi, samaki wenyewe wa kuweka watatoka wapi. Akajibu kwamba wadogo zake bado wako palepale ufukweni mwa ziwa, magari yanapanda kila siku, na samaki watapanda nayo. Basi likaja juu ya lori dogo, limesimamishwa katikati ya magodoro mawili, naye ameketi mbele na dereva, akigeuka kulitazama kila walipokata kona.

Lilikuwa la zamani, jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya siagi, lenye milango miwili: mdogo juu wa kugandishia, mkubwa chini wa mboga na maji ya kunywa. Wote tuliliita friza tu. Nililiweka stoo, nyuma ya nyumba, kando ya magunia ya kahawa, kwa sababu sebule yetu ni ndogo na jikoni tunapikia kuni.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu mimi na mama mkwe. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, mazungumzo yetu yalikuwa salamu. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza hali ya watoto na shamba, kisha kila mmoja akatafuta namna ya kumpisha mwenzake. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ndivyo tulivyolelewa, kwamba mkwe huheshimiwa kwa mbali. Lakini umbali ni mgumu kuutunza katika nyumba yenye korido moja. Nikiwa sebuleni, yeye alikula chumbani kwake. Akiwa na neno, alimwambia binti yake, naye akaniletea.

Aprili na Mei friza lilifanya kazi vizuri. Juni, tulipokuwa tumeanza kuchuma kahawa, mke wangu akaja na ujumbe.

"Mama anasema samaki wamelainika."

Nikaenda stoo kutazama. Wale mbasa wa ziwani waliokuwa wagumu kama kuni wiki iliyopita walikuwa wamelegea, na maji mekundu yalikuwa yakichuruzika hadi sakafuni. Nikafungua mlango wa chini. Chupa za maji zilikuwa baridi sawasawa. Hilo lilinitatiza: chini pana baridi, juu panayeyuka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si fundi, kwa hiyo nilianza na mambo yaliyo ndani ya uwezo wangu. Nilichomoa plagi nikachomeka pasi kwenye soketi ileile, ikapata moto. Nikalisogeza friza mbali na ukuta, nikafuta vumbi na utando wa buibui kwenye mabomba membamba ya nyuma. Nikabana karatasi kwenye mlango mdogo, nikaivuta, ikagoma kutoka, nikajua mpira wa mlango bado unashika. Kitufe cha kuongeza baridi nikakizungusha kutoka tatu hadi tano. Tukawapikia majirani samaki wote kabla hawajaharibika, tukalizima, tukaweka beseni la maji ya moto ndani mpaka barafu iliyojikusanya kwenye kuta ikabanduka vipande vipande. Tukaliwasha upya. Ziwani wakatuma furushi jingine. Siku ya tatu, nao wakalainika.

Nikamwita fundi kutoka mjini. Alikuja mchana, akatega sikio, akapapasa mabomba, akafikiri.

"Huenda gesi imepungua, mwalimu," alisema. "Lakini sina uhakika, maana nasikia mota inafanya kazi vizuri. Nitarudi Jumatatu na mtungi."

Alipoondoka, mama mkwe alitoka jikoni akaja kusimama mlangoni pa stoo. Alitazama magunia badala ya kunitazama mimi.

"Baba, samahani," alisema. "Huyo fundi amekuja saa nane mchana."

"Ndiyo, mama."

"Saa nane linaunguruma. Mwambie aje asubuhi."

"Asubuhi linakuwaje?"

"Kimya. Kule nyumbani halikuwa linapumzika, tukitaka kuongea tunapaza sauti. Hapa nakaa na maharage yangu, nachambua ungo mzima kabla sijalisikia. Jua likishapiga ukuta huu ndipo linaanza."

 Nikamwuliza, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa nini hakusema mapema.

"Nilimwambia binti yangu. Akasema baba analishughulikia."

Jumamosi asubuhi sikwenda shambani mapema. Nilivaa koti, nikaweka viti viwili stoo, tukakaa mimi na mama mkwe kulisikiliza friza. Yeye alichambua maharage, nami nikatazama saa kwenye simu. Pumzi zetu zilionekana kama moshi. Kuanzia saa moja hadi saa tatu na nusu liliunguruma mara moja tu, tena kwa muda mfupi. Katika kusubiri huko alinisimulia jinsi marehemu baba mkwe alivyolileta nyumbani, na kwa wiki ya kwanza akawa anafungua mlango kila mara kuona kama taa ya ndani inawaka kweli. Nilicheka, naye akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka akiwa karibu nami.

Jumatatu fundi alifika saa moja asubuhi na mtungi wake begani. Nilimweleza tuliyoyaona. Akautua mtungi bila kuufungua. Akafungua mlango wa chini, akatafuta kijibomba chembamba kilichobanwa ukutani, akakifumbata kwa viganja viwili kama mtu anayepasha kifaranga joto. Baada ya muda mota ikashtuka, ikaanza kuunguruma.

"Nani aligundua habari ya asubuhi?"

Nikamwonyesha mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeniokolea kazi. Mota ni moja, ila kipimo cha baridi ni hiki nilichokipasha joto, nacho kiko huku chini tu. Chini pakipoa, kipimo kinazima mota. Sasa stoo hii mwezi wa sita yenyewe ni friji. Kipimo kinaona kazi imekwisha, kumbe samaki kule juu wanataka baridi kali zaidi. Gesi ipo. Lipelekeni mahali penye joto kidogo, basi."

"Kwa hiyo si bovu," alisema mama mkwe.

"Si bovu, mama."

"Mimi nilijua."

Mahali penye joto kidogo ni sebuleni, kwa kuwa jua linaingia dirishani tangu asubuhi na watu tunajaa humo. Niliitoa meza yangu ya kusahihishia madaftari nikaipeleka chumbani, tukalisukuma friza mpaka kwenye kona ilipokuwa meza. Kwa siku mbili mama mkwe alibisha hodi kila alipotaka kuwatazama samaki wake. Siku ya tatu mke wangu alimwekea kiti pembeni ya friza na kumwambia hodi za ndani ya nyumba zinamchosha. Siku hiyohiyo niligonga mbasa mmoja kwa kifundo cha kidole, akalia kama ubao.

Jumapili, tuliporudi misani, mke wangu alipika wawili kwa nyanya na vitunguu vingi. Mama mkwe alikula nasi palepale sebuleni, kwenye kiti chake, sahani mapajani, akieleza kwa nini mbasa hapaswi kugeuzwa geuzwa akiwa jikoni. Mke wangu alisema hayo hajawahi kufundishwa.

"Hukuuliza," mama yake akamjibu.

Mimi nilijiongezea ugali.