Safu ya Waliopona

Mwalimu wa yoga ya vitini kwa wazee na wagonjwa alivumilia mengi, lakini fomu ya meneja wa ukumbi ilimshinda. Ilikuwa na safu moja tu: "Waliopona." Baada ya miezi mitatu aliandika sifuri, na meneja akaingia katikati ya kipindi kuwanyang'anya ukumbi.

"Miezi mitatu, na wote bado wamekaa!"

"Bosi, babu huyu mguu ulikatwa. Unataka uchipue kama nyasi?"

"Na mama yule?"

Mama yule, mshonaji mstaafu, alikuwa ameinua mkono hadi sikioni kwa mara ya kwanza tangu apigwe na kiharusi.

Meneja alikagua fomu. "Mikono haimo humu."

Mwalimu, ambaye kutwa huwahimiza wanafunzi wake walegeze taya, alisaga meno.

"Tokeni. Wacheza dansi wanaingia saa nne."

"Tutatoka, mwanangu," alisema babu, akipapasa kutafuta mkongojo. "Ila mimi kusimama tu ni robo saa. Haya, nishike kwapani. Siyo hivyo! Umebeba gunia?"

Meneja alimshika, jasho likimtiririka. Mwalimu alivuta kiti akaketi kumtazama. Walikuwa wamebaki wengine kumi na mmoja wa kuinuliwa.