Mafuta Matatu Kwenye Mkono Wangu

Mkwe wangu alinishika mkono wa kushoto akaugeuza kiganja juu, kama mtu anayetafuta mwiba. Kwa kijiti chembamba cha kioo akachora mstari mmoja wa mafuta pale mshipa unapopigapiga. Mafuta yalikuwa baridi kidogo, kisha sikuyahisi tena.

"Usisugue," alisema. "Nyinyi watu wa shamba wote mnasugua. Ukisugua unayaua."

Nilikuwa nimeshaanza kusugua. Nikauacha mkono ukining'inia mbele yangu, sijui niuweke wapi.

Duka lake liko Bungoma mjini, karibu na msikiti, chumba kimoja chembamba chenye rafu mpaka darini. Anauza mafuta ya manukato, yale yasiyo na spiriti, kwenye chupa ambazo nyingine hazizidi kidole gumba. Mengine yana rangi ya asali, mengine ya chai ya rangi, mengine meupe kama maji ya mvua. Kijana wake na binti yangu walikutana chuoni Kibabii wakiwa wanafunzi, na sasa harusi ilikuwa imebaki wiki chache. Mimi nilidhani nimeitwa kunywa chai na kuzungumzia chakula cha wageni. Nikakuta kuna kazi inanisubiri.

Katika nyumba ile, mafuta atakayovaa bibi arusi hayachaguliwi na bibi arusi. Huvaliwa kwanza na mama yake. Anapewa aina tatu, kila moja anaivaa siku nzima, asubuhi mpaka jioni, huku akifanya kazi zake za kawaida na jasho lake la kawaida. Kisha anarudi kusema ni yapi yalikaa vizuri. Mkwe wangu alivaliwa hivyo na mama yake, na mama yake naye alivaliwa hivyo hivyo.

"Kwenye chupa yanadanganya," alinieleza, akifunga kifuniko. "Ngozi ndiyo inasema. Na ngozi iliyo karibu zaidi na ya msichana ni ya mama aliyemzaa."

Nikasema, "Sawa." Nilisema haraka, nikanywa chai.

Ukweli ni kwamba sikumzaa. Mdogo wangu ndiye aliyemzaa, akiwa bado na sare ya shule, na mtoto alipofika miezi minne aliniachia, akaenda Kitale kutafuta maisha. Mimi nilikuwa nimeolewa Saboti miaka sita bila mtoto, na watu wameshachoka kuniuliza. Nilimlea kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Kwa mpango wa ukoo ningeitwa mama mkubwa. Lakini mtoto alipoanza kusema aliniita mama, na yule wa Kitale, anayekuja Krismasi na nguo nzuri za mitumba, akawa mama mdogo. Binti mwenyewe tulimwambia akiwa darasa la sita. Alisikiliza, akauliza kama anaweza kwenda kucheza. Tangu siku hiyo jambo hilo halijatajwa nyumbani kwangu, na mtu akilikaribia mimi huwa mkali. Najijua. Nina hasira za karibu.

Basi nilirudi Saboti na chupa tatu ndani ya mfuko wa sweta. Ule mstari aliouchora mkwe wangu ulikuwa wa udi, kunionyesha tu. Nilipofika Misikhu ulikuwa umeanza kugeuka. Dukani ulinuka moshi na dawa. Sasa ulikuwa na utamu ndani yake, wa mbao mpya labda, au wa kanisa lililopigwa dari jana. Niliunusa mkono wangu mpaka mama niliyekaa naye kwenye matatu akaniuliza kama nimeumia.

Siku ya kwanza nikavaa waridi. Nilipaka alfajiri, nikaenda kukamua kama kawaida, kwa sababu si niliambiwa nifanye kazi zangu? Ng'ombe wangu ni mpole kiasi kwamba wajukuu wa jirani humshika mkia. Asubuhi ile aligeuza kichwa, akanusa, akapanua macho. Nilipogusa chuchu akarudi nyuma. Nikamwimbia, nikamkuna shingo, nikambembeleza kwa mapumba. Aliyaficha maziwa yote. Nilipopata kikombe kimoja hivi, akaupiga mtungi teke. Yale kidogo yaliyobaki niliyapeleka pale maziwa ya kijijini yanapokusanywa, na yule anayepima akafungua kifuniko, akanusa, akafunga tena.

"Mama, hii imewekwa sabuni?"

"Ni waridi," nikasema.

"Ati nini?"

"Nimesema ni waridi. Unataka nikuandikie?"

Nikarudi na maziwa yangu nyumbani. Tukayanywa wenyewe kwenye chai, mimi na mume wangu. Chai ilikuwa na harufu ya bustani ya watu wengine. Mume wangu alikunywa vikombe viwili, halafu akaniuliza kama harusi inaweza kuharakishwa.

Kusema kweli waridi halikunipenda. Kufikia saa nne lilikuwa jembamba na kali, la kichefuchefu, na kufikia adhuhuri lilikuwa limekwenda zake.

Siku ya pili nikavaa udi, na siku hiyo nikajifunza kukamua kwanza. Udi ulikaa. Ulikaa mno, mpaka nikahisi kuna mtu mzima anatembea nyuma yangu shambani, mtu mwenye heshima zake ambaye sikumwalika. Nilipalilia mahindi naye. Jioni kichwa kilikuwa kinaniuma.

Siku ya tatu. Chupa ya tatu haikuwa na jina. Ulikuwa mchanganyiko wa mkwe wangu mwenyewe, sandali na miski na kitu kingine ambacho hakutaka kuniambia. Nilipaka nikiwa nimeketi kwenye ngazi ya jikoni baada ya kukamua, jua bado halijapanda, Mlima Elgon umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Nikafikiri ni mafuta matupu. Kisha, nilipokuwa natandaza maharagwe juu ya turubai, kitu kikapita karibu na uso wangu, chepesi, nikageuka kuona ni nani. Hapakuwa na mtu. Ulikuwa mkono wangu.

Siwezi kuielezea vizuri harufu ile. Ilikuwa na joto. Ilinijia na kuondoka, na kila iliporudi ilikuwa imeingia ndani zaidi, mpaka sikujua tena mafuta yanaishia wapi na mimi naanzia wapi. Sikufanya kazi nyingi siku hiyo, nakiri. Mvua ya saa nane ilipokuja niliingiza maharagwe, nikakaa mlangoni na mkono chini ya pua, nikaona miaka ikipita bila mpangilio wowote. Niliona beseni la bluu nililomwoshea binti yangu. Nilimwona ana homa, kichwa chake kikinichoma shingoni usiku kucha. Nilimwona akitoka kwenda chuo, sanduku kubwa kuliko yeye, akikataa nimsindikize mpaka barabarani. Nilifikiri, haya ndiyo. Nilifurahi kama msichana, na mimi ni mwanamke wa miaka hamsini mwenye magoti mabovu.

Halafu mvua ikaisha, na akili ikanirudia. Ngozi inasema, alisema mkwe wangu. Lakini ngozi yangu ingesema nini juu ya mtoto ambaye hakutoka ndani yake? Nikaanza kuona siku ya harusi, wanawake wa nyumba ile wamemzunguka bibi arusi, wanampaka mafuta niliyochagua mimi, na mafuta yanachacha juu yake. Nikaona wanatazamana. Nikaona mmoja anauliza taratibu mama yake hasa ni nani, na mdogo wangu anasimama kutoka viti vya nyuma.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa kitu namna ile, hata mwaka ule mahindi yote yalipoungua.

Kesho yake nikashuka Kitale na chupa zangu tatu. Mdogo wangu ana kibanda cha mitumba pale sokoni, magauni yametundikwa mpaka juu, na yeye chini yake anakula ndizi.

"Dada! Si ungepiga simu? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Leta mkono."

"Wa nini?"

"Leta tu."

Nikampaka mistari mitatu, mbalimbali, nikamkataza kusugua. Tulikaa. Aliniuliza habari za mume wangu, za ng'ombe, za harusi, na mimi nikajibu nusu nusu. Wateja walikuja wakaondoka, na yeye akawa anawahudumia kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine nilikuwa nimeuzuia. Baada ya kama saa mbili nikaupeleka puani.

Mchanganyiko, ule wangu, juu yake ulikuwa umechacha kama uji uliolala. Udi ulikuwa moshi tu. Lakini waridi! Waridi lile lililonichefua lilikuwa limefunguka juu ya ngozi yake, laini, lenye maji ndani. Lilikuwa zuri. Nilikasirika lilivyokuwa zuri.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama. Si mjinga.

"Haya ni mafuta ya bibi arusi," alisema.

Nikaanza kukaza vifuniko vya chupa.

"Na umekuja kuyapima kwangu."

"Nyamaza," nikasema. "Uza nguo zako."

Alicheka, lakini hakikuwa kicheko. Alivuta mkono wa sweta ukafunika yale mafuta, akaanza kupanga magauni yaliyokuwa yamepangwa tayari. Nikaondoka nikiwa namwonea wivu mdogo wangu mwenyewe kwa sababu ya mkono wake, na nikiwa naona aibu kwa wivu huo, na yote mawili nikayabeba mpaka Saboti.

Jumamosi nikarudi Bungoma. Binti yangu alikuwa dukani, ameketi kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta, anabandika vikaratasi kwenye chupa kama mwenyeji. Alinikumbatia. Wateja wawili walikuwa wanachagua ubani mlangoni.

"Haya, mkwe," mkwe wangu alisema. "Tupe habari. Ni yapi?"

"Waridi," nikasema.

"Waridi?"

"Waridi. Lilikaa vizuri sana. Siku nzima."

Akachukua chupa ya waridi, akaniomba mkono. Sikutarajia hilo. Akanipaka, akaendelea kuwahudumia wale wateja, akarudi, akaninusa. Akangoja tena. Alinusa mara ya pili, safari hii amefumba macho, na nilikuwa naujua wembamba ule na ukali ule kabla hajafumbua.

"Mkwe wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka ishirini nafanya kazi hii. Waridi hili limekukataa kabisa. Halikukaa kwako siku nzima. Limekaa kwa nani?"

Ningeweza kusema uongo mwingine. Nilikuwa nao, ulikuwa ulimini tayari. Lakini binti yangu alikuwa ameacha kubandika vikaratasi, ananitazama kwa macho yale yale ya darasa la sita, na nikachoka. Nikasema yote pale pale, nimesimama, mkono bado uko hewani. Kwamba nilikwenda Kitale. Kwamba yupo mdogo wangu, na waridi limempenda, na yeye ndiye mwenye ngozi wanayoitafuta. Kwamba sikumzaa mtoto huyu, na nilikubali mafuta yao kama mwizi.

Mkwe wangu alichukua kitambaa, akaanza kunifuta waridi polepole.

"Hilo la kuzaa nalijua," alisema. "Binti mwenyewe aliniambia mwaka jana, alipoletwa hapa mara ya kwanza. Lakini ule msemo wa nyumba hii tumezoea kuusema ulivyo, nikausema mbele yako bila kufikiri. Unisamehe." Akakunja kitambaa upande mwingine, akaendelea kufuta. "Mwezi uliopita, kabla sijakuita, nilimwuliza. Nikamwambia, binti, mambo yako nayajua, sasa mafuta yako ayavae nani? Unajua alinijibu nini?"

"Basi, yatosha," binti yangu alimwambia.

"Hakunielewa. Akaniuliza, kwani mama yangu anaumwa?"

Binti yangu aliinamisha kichwa juu ya vikaratasi vyake. "Si nilidhani umesikia kitu," alimwambia mkwe wangu, kisha akanigeukia. "Nikaogopa. Nilikupigia simu jioni hiyo hiyo, mama, nikakuuliza unaendeleaje, ukanigombeza ati namaliza salio."

Nilikumbuka simu ile. Nilikuwa nimemgombeza kweli.

Nililia pale dukani, mbele ya wateja na ubani wao, na mkwe wangu akaniacha nilie mpaka nimalize. Mkono hakuuachia. Ulikuwa safi sasa, mwekundu kidogo kwa kufutwa.

"Haya," alisema. "Sasa niambie vizuri. Wewe mwenyewe, kwenye mkono huu, ni yapi ulipenda?"

"Ya tatu," nikasema.