Binti Asiyetoa Shikamoo

Mtaa wa Msimbazi kuna mama anayeuza vitabu vya mtumba, kavipanga chini juu ya turubai. Binti yake wa miaka kama kumi na tano alinipa riwaya bila kuniangalia. "Kurasa mia mbili na nne. Zote zipo."

"Na shikamoo iko wapi?" nikafoka. "Mama, huyu anataka fimbo."

"Tusamehe, kaka."

Nyumbani nikakuta msimulizi wa riwaya ni kijana mwenye usonji, anayeeleza jinsi macho ya watu yanavyomchoma. Nikamkumbuka binti. Nikahesabu kurasa, zote zilikuwepo.

Jumamosi nilirudi nimsalimie mimi. Mama alikuwa peke yake.

"Siku hizi namwacha nyumbani. Wateja wanalalamika."

Hakusema wateja gani. Adabu niliyomdai binti, mama alikuwa nayo tele.