Jina Kabla ya Kuelea

Fundi rangi aliandika majina ya boti, na mwiko wake ulikuwa mmoja: boti haipewi jina mpaka ielee. Sasa mwanawe, aliyezaliwa kabla ya wakati, alilala ndani ya mashine ya joto, kifua kikipanda kwa tabu, na baba mtu bado anasema tungoje.

"Tungoje nini?" mkewe alifoka. "Mwanangu si boti! Akienda, nimlilie kwa jina gani?"

Fundi akapitia majina kichwani. Wimbi? Wimbi hufika likarudi. Bahari? Bahari humeza. Akapitisha kidole kwenye tundu la mashine, akakiweka juu ya kiganja kidogo kama kauri.

"Nanga," akasema. "Shika, baba. Shika hapohapo."

Kiganja kilibaki wazi, naye hakuthubutu kuondoa kidole.