Gari Jekundu na Gari Lisilonguruma

Nilichimba dhahabu kule Manguredjipa miezi saba bila kupata zaidi ya sahani ya fufu na vipele vya mbu. Kisha asubuhi moja, katika shimo ambalo wenzangu walikuwa wameliacha kwa sababu ya maji, nikapata. Sitasema ni kiasi gani. Kilitosha kunitoa jasho la baridi, na kilitosha kununua gari.

Najijua. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimesukuma chukudu, ile baiskeli ya miti ya kubebea mizigo, nimebeba mbao, nimelinda na kuendesha malori Kasindi, nimewapikia wachimbaji. Hakuna kazi iliyoniona mwaka mzima. Nikisikia kuna kitu sijakiona nyuma ya kilima, naenda kukiona. Basi nilijua kwamba mali ile nikiila, nitarudi shimoni, na shimo lilikwisha kuwafukia watu wawili niliolala nao mkeka mmoja. Nilipofika Butembo nilijiambia: nunua gari, gari likulishe, usirudi tena kule chini.

Mfanyabiashara mmoja karibu na soko alikuwa akiagiza magari ya mitumba ng'ambo. Yalikuja kwa meli hadi Mombasa, yakavuka Uganda, yakaingia kwetu kupitia Kasindi. Kwa kawaida aliagiza yale yanayobeba watu na magunia. Lakini safari ile mwenzake wa huko ng'ambo alimtumia mawili ambayo hakuyaomba, na wiki tatu yalikaa uani kwake bila mnunuzi. Yote mawili yalikuwa bei moja.

La kwanza lilikuwa jekundu, milango miwili, tumbo chini kama mjusi. La pili lilikuwa jeupe, dogo, la mviringo, na mbele halikuwa na mdomo wa kupitisha upepo.

“Hii nyekundu iko na vitesi sita,” mfanyabiashara alisema, ameishika fimbo ya gia. “Hii ingine haina hata moja.”

“Haina vitesi? Inatembeaka namna gani?”

“Na courant ya umeme. Sawa radio.” Akacheka. “Mimi mwenyewe naiogopaka. Chukua moja leo, ingine kesho. Uende nayo mpaka Beni, urudie. Kuko mutu wa Kasindi anakuja keshokutwa. Yenye utaacha, ye atabeba.”

Ili nisitoroke, alinipa dereva wake mzee. Huyu alikuwa ameendesha malori kati ya Butembo na Kasindi tangu kabla sijazaliwa. Nilimwita Papa, naye aliniita petit, yaani mdogo, ingawa nina ndevu.

Siku ya kwanza tulipanda lile jekundu.

Zamani, nilipokuwa nikikwepa shule Beni, kulikuwa na kinyozi aliyebandika ukutani picha ya gari kama lile. Nilisimama mbele ya picha ile saa nzima nikijiuliza mtu anakaaje ndani ya kitu chembamba namna ile. Sasa nilikuwa ndani. Kiti kilinishika mbavu. Nilipowasha, sauti haikutoka mbele tu. Ilipita chini ya mapaja, ikapanda uti wa mgongo, ikanikaa kooni. Wauza mkaa waligeuka wote kwa pamoja.

“Petit,” Papa alisema, amejishika mlangoni, “hii haiko gari. Iko mutu mwenye hasira.”

Nje ya mji nilitia vitesi ya pili, ya tatu. Kila nilipobadilisha, mkono wangu ulijua kabla yangu. Nimeendesha malori ambayo fimbo yake unaivuta kwa mikono miwili. Hii ilihitaji vidole viwili tu. Kwenye kupanda, pale ambapo lori linalia na kutembea kama mgonjwa, gari lile lilipanda likiimba. Nilipiga kelele na sikuona haya. Papa naye alipiga kelele, ila yeye aliliita jina la Bikira Maria.

Tumbo liligusa mawe mara nne. Mafuta tuliyanunua kandokando ya njia, yale ya kwenye chupa, dakika tano tukaondoka. Na Beni, tulipokuwa tukinywa chai, mama mmoja aliyevaa kitenge kipya alilizunguka gari mara mbili, akaniuliza nakodisha bei gani.

“Kodisha ya nini, Mama?”

“Harusi. Binti yangu anaolewa. Upande wa bwana harusi beko na jeep. Donc siye tunataka kitu ya kuwafunga kinywa.”

Papa alinigonga na kiwiko. Nilielewa. Huku kwetu hakuna harusi isiyo na msururu wa magari, na hakuna familia inayokubali kushindwa na ya upande wa pili. Gari lile lingenilisha. Na lingenifuata popote: Kasindi, Lubero, popote penye mtu mwenye chupa ya mafuta juu ya meza. Jioni nililirudisha uani, na moyoni nilikuwa nimekwisha kulinunua.

Kesho yake nilipanda lile jeupe kwa sababu tu nilikuwa nimeahidi. Nilibonyeza kitufe. Kimya. Nikabonyeza tena.

“Imekufa,” nilisema.

“Iko hai,” mfanyabiashara alijibu kutoka barazani. “Umeiwasha, umeizima. Washa tena.”

Mbele yangu palionekana namba: themanini na nane. Ilikuwa nguvu iliyobaki, kwa mia. Nilikanyaga kidogo, na ua ukaanza kurudi nyuma yetu. Sina namna nyingine ya kulieleza. Gari halikuondoka, ua ndio uliondoka, na ukuta, na mbuzi aliyefungwa pale, vyote bila sauti. Nilisikia mchanga ukivunjika chini ya magurudumu. Nilisikia Papa akimeza mate.

Kutoka Butembo kwenda Beni ni kushuka zaidi ya kupanda. Kila dereva wa huku anajua la kufanya kwenye mteremko: unatoa vitesi, unaliachia gari liteleze lenyewe, mafuta yanapumzika. Roue libre. Tunafundishwa hivyo kabla hata ya kufundishwa breki, na gereji zote za Butembo zinakula kwa sababu ya breki tunazounguza. Kwa hiyo mteremko wa kwanza ulipofika, Papa alinyoosha kidole.

“Weka libre, petit. Tusipoteze courant ya watu.”

Nikaweka. Tuliteleza kama sabuni. Kila mteremko tuliweka libre, kila kupanda namba ilipungua, nasi tukawa tunaangaliana. Themanini na moja. Sabini na sita. Tulipofika sabini na tatu, Papa alisema tutalisukuma hadi Beni, na kwamba mgongo wake haujaumbwa kwa kazi hiyo.

Basi tukatokea kwenye kizuizi, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Askari alikuwa amekaa juu ya jerikani ameipa njia mgongo, akitafuna hindi la kuchoma. Watu wa vizuizi wanalinda kwa masikio: injini inasikika kutoka mbali, wanasimama, wanajipanga. Sisi tulifika tukiteleza. Aligeuka akatuona hatua kumi kutoka mgongoni mwake.

“Telema!” Hindi lilienda upande wake, bunduki ikaja upande wetu. “Musimame pale pale! Mutoke! Muko munanyemelea barrière?”

“Chef, hapana, Chef,” Papa alisema, mikono juu. “Ni gari tu. Hailiaka.”

“Gari yenye hailiaka iko gari gani? Fungua. Moteur iko wapi?”

Nilifungua mbele, pale ambapo magari mengine yana injini. Aliangalia, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha pale. Baridi. Aliinama, akatazama chini, kisha akanitazama mimi kwa uso uliobadilika, si wa hasira tena.

“Nani anaisukuma?”

“Courant, Chef. Sawa radio.”

“Pita tena. Enda pale, urudie hapa. Nataka kuona.”

Nilirudi nyuma hatua hamsini, nikaja tena mbele yake. Alisimama na kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza, jinsi mtu anavyosikiliza tumbo la mke wake mjamzito. Akafungua kamba mwenyewe. Hakuomba kitu. Papa aliapa kwamba kwa miaka yake yote njiani hajaona jambo hilo.

Mbele ya kizuizi kuna mteremko mrefu, nami nilikuwa bado nimetishika kiasi kwamba sikuweka libre. Niliinua tu mguu. Gari likajishika. Lilishuka polepole, kana kwamba kuna mtu nyuma amelishika mkia.

“Breki imekamata,” Papa alisema.

“Sijagusa breki, Papa.”

“Basi weka libre!”

Nilikuwa nanyoosha mkono nilipoiona namba. Ilikuwa sabini na mbili tulipoanza kushuka. Sasa ilikuwa sabini na tatu.

Niliacha mkono wangu hewani. Nilidhani nimekosea kusoma, na mtu aliyeacha shule hudhani hivyo haraka. Tulifika chini kabisa, kwenye daraja. Sabini na nne. Nikasimamisha.

“Papa, angalia hapa. Inapanda.”

“Nini inapanda?”

“Courant. Tumeshuka, yenyewe imepanda.”

Alivaa miwani yake. Aliitazama namba, akatazama kilima nyuma yetu, akaitazama namba tena.

“Rudia juu,” alisema.

“Papa, tutachelewa.”

“Rudia juu, nimekuambia! Nataka kuona tena.”

Tukapanda, tukageuza, tukashuka. Kupanda kulikula, kushuka kukarudisha, si chote, lakini kikarudi. Nilikuwa nimeinua mguu, sigusi kitu, na kilima chenyewe kilikuwa kikitujaza. Migomba ilipita taratibu. Niliwahi kuona mto ukiwasha taa za Butembo na nikashangaa wiki nzima. Lakini mto unakwenda, una nguvu inayoonekana. Kilima kimelala tu. Tangu niko mtoto nimekipanda na kukishuka kilima kile kwa miguu, kwa chukudu, juu ya magunia ya lori, na kumbe ndani yake kulikuwa na kitu hiki, na hakuna aliyejua.

Papa alivua miwani. “Miaka yote hii,” alisema. “Miaka yote hii nimekuwa nakitupa. Nakiunguza kwa breki.” Baadaye kidogo: “Munipe miaka yangu.” Akacheka, lakini alikuwa akifuta macho.

Beni tulilichomeka kwenye ukuta wa duka la dada yake mfanyabiashara, tukasubiri kwa muda wa saa tano. Saa tano! Na lile jekundu dakika tano zilitosha. Nilizunguka ua, nikaenda sokoni, nikarudi, nikatengeneza mlango wa dada yule uliokuwa ukikwaruza, nikala maharage yake na sombe yake, nikaangalia namba. Papa alilala. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nikichagua. Gari lile linataka ukuta. Halinywi kwenye chupa ya mtu yeyote njiani. Likiwa lako, lazima uwe na mahali.

Tulirudi Butembo kabla ya saa kumi, na mfanyabiashara alituuliza kwa nini nyuso zetu ziko hivyo. Papa alimweleza habari za kilima, kwa mikono, mara tatu. Kisha mfanyabiashara akanigeukia.

“Sasa, wewe. Unalalaka wapi?”

“Kwa rafiki. Kwenye depo ya mbao.”

“Kuko courant?”

“Hapana.”

“Basi beba nyekundu,” alisema, bila ubaya. “Hii nyeupe iko ya mutu wa nyumba. Wewe uko mutu wa njia, kila mutu anajua.”

Alisema kweli, na nilitaka kumjibu kwamba kweli hiyo ndiyo iliyonipeleka shimoni. Badala yake niliomba siku moja.

Asubuhi nilizunguka mitaa nikitafuta chumba chenye mita ya umeme na ua unaoingia gari. Nyumba mbili walinitazama viatu wakafunga mlango. Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake la Kiprotestanti, mwenye sauti inayofika barabara ya pili. Aliniuliza kazi yangu. Nikasema nitafanya taxi hapa mjini, na gari lisilolia.

“Lisilolia? Batu bataipanda namna gani kama hawaisikie?”

“Batazoea, Mama.”

“Na wewe, utazoea kukaa? Hii chumba wapangaji wake banapitaka tu.”

Nilisema ndiyo. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Nilirudi kwa mfanyabiashara nikalilipia jeupe, na adhuhuri ile mtu wa Kasindi alilichukua jekundu. Nilikuwa kwenye kilima cha mkabala nikalisikia likishuka kwenda Beni, ya pili, ya tatu, ya nne, anabadilisha vibaya. Nilisimama hadi sauti ikaisha. Iliniuma; hata leo, nikisikia injini ya namna ile, mkono wangu wa fimbo unajifunga wenyewe.

Kisha nikalileta jeupe uani, nikapitisha waya dirishani, nikalichomeka kwenye ukuta niliokuwa nimelipia. Taa ndogo ya kijani ikaanza kuwaka na kuzima. Mvua ikaanza. Sikuwa na pa kwenda kwa saa sita, basi nilikaa kizingitini nikiitazama.

Mama mwenye nyumba alikuja chini ya mwavuli na daftari la wakaaji wa avenyu.

“Jumamosi kuko salongo ya kusafisha avenyu,” alisema. “Kila nyumba inatoa mutu mumoja, na jembe yake. Nikuandike, ao utakuwa umeenda?”

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nitakuwa wapi Jumamosi.

“Niandike, Mama,” nilisema. “Ila jembe sina. Itabidi ninunue.”