Mgomba wa Kimo cha Kaka

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Sabato ilikuwa imeisha na baba akawasha simu, maana sisi huizima tangu Ijumaa jua likitua. Ilianza kulia mkononi mwake na haikunyamaza. Pole. Poleni sana. Ndivyo tulivyojua, siku nzima baada ya watu wote, kwamba meli anayopikia kaka yangu ilipigwa kombora kwenye Bahari ya Shamu na kuzama. Wengine waliokolewa na meli iliyokuwa ikipita. Wengine hawajaonekana. Majina hayajatolewa.

Baba alimpigia wakala wa Mombasa aliyemtafutia kaka ile kazi. Hapatikani. Akapiga tena na tena, mama amesimama mlangoni na mwiko wa ugali, hajui auweke wapi.

Baba mdogo alifika kutoka Mosocho akiwa ameshasikia na ameshaamua. Alisema mtu aliyemezwa na bahari hana mwili wa kuletwa nyumbani, kwa hiyo tukate mgomba, tuuvike nguo zake, tuuzike hapa nyumbani kama watu wengine, ili asihangaike huko aliko. Mama akamwambia hakuna aliyekufa. Baba mdogo akajibu, kwa upole kabisa, kwamba kila mama husema hivyo.

Mimi siongei mbele ya wanaume. Hata darasani nikiulizwa swali nasimama tu mpaka mwalimu anachoka. Kwa hiyo baba mdogo aliponiita, "We moiseke, njoo," kama anavyomwita kila msichana, nilienda. Alitaka mgomba ulingane na marehemu (neno hilo alilitumia yeye), na mimi na kaka tumelingana kimo. Akaniambia niegemee ule aliouchagua.

"Simama wima. Hata mgomba unauonea haya?"

Nikasimama wima. Shina lilikuwa baridi mgongoni. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu, nikafumba macho, nikajiona nimelala shimoni nimevaa koti la kaka.

"Toka hapo," mama akasema. Hakupaza sauti. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Ukimzika leo, kesho akirudi ataingia boma gani?"

Baba mdogo akamtazama baba, mwenye boma, aseme neno. Baba alikuwa anatazama simu. Giza lilikuwa limeshaingia, basi ikawa kwamba shughuli itafanywa asubuhi. Nani aliamua hivyo, mpaka sasa sijui.

Asubuhi wakala alikuwa bado hapatikani. Wachimbaji wawili walikuja na majembe wakakaa kando wakinong'onezana habari za bei ya majani chai. Baba mdogo akaniita tena, panga mkononi. Mama alinitazama kutoka jikoni, na nikaona kwamba hatasema kitu. Alikuwa amemaliza maneno yake yote usiku, akibishana na baba.

Nilienda mpaka penye ule mgomba. Kitandani nilikuwa nimepanga mengi ya kusema, nikayakosa yote. Nikakaa chini, kwenye majani makavu yaliyolowa umande.

"Simama nikupime."

"Sisimami, baba mdogo. Akirudi mtampima yeye mwenyewe."

Mchimbaji mmoja alicheka, halafu akaacha. Nikakumbatia magoti yangu, maji ya umande yakipenya nguo, nikabaki hapo hapo.